Turbo kubwa, mlima uleule: kisa cha pikapu moja ya dizeli

Pikapu ililetwa ikiwa na turbo mbili, zile feni zinazozungushwa na gesi ya ekzosi ili zisukume hewa zaidi kwenye injini. Moja ilikuwa imefungwa kwenye injini, mpya, kubwa, inang'aa. Nyingine ilikuwa imeviringishwa kwenye gunia na kulazwa nyuma ya kiti. Hiyo ya gunia ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Mwenye gari alifungua boneti kabla hatujamaliza kusalimiana. "Fundi, nimeongeza turbo lakini gari limekuwa zito kuliko mwanzo. Mlimani linanitia aibu."

Injini yake ni 4JB1-T ya Isuzu: silinda nne, kipenyo cha milimita 93, mwendo wa pistoni milimita 102, jumla sentimita za ujazo 2,771. Pampu ya dizeli ni ya mzunguko, ya kimekanika tupu, haina kompyuta ya kuiamuru. Toleo hili halina intakula, kile kipozeo cha hewa, kwa hiyo hewa ikitoka kwenye turbo inaingia manifoldi, bomba linaloigawa kwenye silinda, ikiwa na joto lake lote. Dashibodi ilisoma kilomita 310,000. Siku tano za wiki gari linampeleka kazini na kumrudisha, sehemu kubwa ikiwa ni foleni. Wikendi linabeba mzigo au linavuta trela dogo, na njia yake ina mlima mmoja wa kilomita kama saba. Zamani alikuwa anaupanda kwa gia ya nne. Mwaka uliopita akaanza kushuka hadi ya tatu, na mahali pengine ya pili. Alipouliza akaambiwa turbo imechoka, aweke kubwa. Akaweka.

Sikurekebisha kitu siku hiyo. Nilifunga geji mbili tu, ya presha ya turbo na ya joto la ekzosi, kipimo chake kikiwa ndani ya manifoldi ya ekzosi kabla ya turbo, kisha tukapakia trela na kwenda mlimani. Gia ya nne, mizunguko 1,900 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho: presha baa 0.15, ambayo ni sawa na kusema hakuna kitu. Moshi mweusi ukafunika trela. Joto la ekzosi likapanda hadi nyuzi 760 za Selsiasi kabla hatujamaliza dakika moja, nikamwambia aachie. Kisha tukaweka gia ya tatu na kuipandisha hadi mizunguko 2,900. Hapo gari likabadilika. Presha ikaruka hadi baa 1.1, moshi ukakatika, joto likashuka hadi 690, na likavuta vizuri sana.

Kwa hiyo turbo mpya haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, ila mahali ambapo mwenye gari hafiki.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu turbo ya dizeli huanza na wazo la injini ya petroli. Injini ya petroli ina kizibo kinachobana hewa, na mafuta yanaifuata hewa. Dizeli hewa huingia yote inayoweza kuingia, na nguvu inaamuliwa na kiasi cha dizeli kinachopulizwa na nozeli. Turbo peke yake haiongezi nguvu. Inaongeza hewa, na hewa hiyo inatoa ruhusa ya kuchoma dizeli zaidi bila moshi na bila joto la kuyeyusha pistoni. Ukiongeza turbo bila kugusa dizeli, utapata injini yenye ekzosi baridi kidogo na moshi mdogo, basi. Ukiongeza dizeli wakati hewa haijafika, unapata kile tulichokiona mlimani.

Na hewa ilichelewa kwa sababu ya umbo. Feni ya ekzosi inazungushwa na gesi inayopita kwenye hausingi, ile sehemu yenye umbo la konokono. Hausingi hupewa namba ya A/R, yaani eneo la koo lake likigawanywa kwa umbali kutoka katikati ya shafti. Koo likiwa pana, gesi inapita kwa raha katika mizunguko ya juu na haikwamishi injini, lakini katika mizunguko ya chini inapita polepole mno kuweza kuzungusha feni. Ni kama kumwagilia bustani kwa mpira: mdomo ukiwa wazi maji yanadondoka miguuni pako, ukiubana kwa kidole yanafika ukutani. Turbo ndogo yenye afya inazunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika ikiwa na mzigo. Feni nzito nyuma ya koo pana haifiki huko kwa gesi ya injini ya lita 2.8 iliyo kwenye mizunguko 1,900.

Nilimpa mwenye gari kazi ya nyumbani. Kwa wiki nzima aangalie mshale wa mizunguko na aandike jioni ulikokaa zaidi. Alirudi na kikaratasi: mjini kati ya 1,400 na 2,200, barabara kuu 2,500 hivi, mlimani 1,800 hadi 2,100 akiwa gia ya nne. Mara alizovuka 2,800 zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mbili kati ya hizo alikuwa ananionyesha mimi.

Kikaratasi hicho kilikuwa na maana kuliko katalogi yoyote. Injini hii katika mizunguko 2,000, ikijaza silinda kwa asilimia 85 hivi, inameza takriban mita za ujazo 2.35 kwa dakika. Ukiwa na presha ya baa 1 juu ya ile ya kawaida, na hewa ikiwa imepozwa kwa intakula hadi nyuzi 60, hiyo ni kama kilo 5 za hewa kwa dakika. Kwenye mizunguko 3,600 inakaribia kilo 9. Kompresa iliyofungwa, yaani upande wa turbo unaosukuma hewa, ilikuwa ya kundi linaloweza kupitisha kilo 18. Yaani mtu alinunua ndoo ya lita ishirini kuchotea glasi.

Wako watakaosema: acha kompresa kubwa, badilisha hausingi ya ekzosi tu, weka yenye koo dogo, itaamka mapema. Itaamka, kweli. Lakini kila kompresa ina ramani yake, na upande wa kushoto wa ramani hiyo kuna mstari ambao hewa ikiwa kidogo na presha ikiwa kubwa, mkondo unavunjika na kurudi nyuma. Turbo inakohoa. Unasikia kelele ya kukatikakatika, shafti inasukumwa mbele na nyuma, na beringi ya msukumo inakufa mapema. Kilo 5 kwa dakika kwenye baa 1 zingeiweka kompresa ile ng'ambo ya mstari huo, au juu yake hasa. Nilikataa.

Kilichonivutia zaidi kilikuwa kwenye gunia.

Turbo ya zamani niliisafisha na kuikagua polepole. Shafti ilicheza kidogo kuelekea pembeni, jambo la kawaida kwa sababu beringi za namna hii huelea juu ya oili na zikiwa kavu lazima zicheze. Mbele na nyuma haikucheza. Feni hazikuwa zimegusa ukuta, na ncha zake zilikuwa nzima. Turbo hiyo haikuchoka. Nikaunganisha pampu ya mkono kwenye akchueta, kisukumio cha westigeti, ule mlango unaopitisha gesi pembeni presha ikitosha. Ulianza kufunguka kwenye baa 0.3. Nati ya kijiti chake ilikuwa imelegea na kijiti kimejirefusha. Gesi ilikuwa inatoroka kabla haijafanya kazi.

Kisha nikafuata kihozi chembamba cha mpira kinachotoka manifoldi ya hewa kwenda juu ya pampu ya dizeli. Juu ya pampu za aina hii kuna kofia yenye diaframu, yaani utando unaonyumbulika: presha ya turbo ikipanda, diaframu inashuka na kuruhusu dizeli zaidi. Kihozi kilikuwa kimepasuka mwishoni, mahali kinapovalishwa. Ufa wenyewe haukuzidi nusu sentimita na ulijificha chini ya kibanio. Kwa hiyo hata presha ile kidogo iliyobaki haikuwa inafika kwenye kofia. Pampu iliamini injini haina turbo kabisa, ikawa inatoa dizeli ya kinyonge. Ndiyo maana gari lililegea mwaka mzima bila kutoa moshi. Dalili hiyo, kulegea bila moshi, ilikuwa inasema wazi kwamba dizeli ndiyo iliyopungua, na hakuna aliyeisikiliza.

Aliyefunga turbo kubwa alikutana na tatizo lilelile, kwa kuwa kihozi kilikuwa bado kimepasuka. Gari halikuvuta. Akafanya jambo ambalo wengi wetu tumewahi kulifanya tukiwa na haraka: akafungua skrubu kuu ya dizeli. Skrubu hiyo haijali presha. Inamwaga dizeli hata turbo ikiwa imelala. Hapo ndipo ule moshi na zile nyuzi 760 vilipotoka. Simlaumu sana, maana mteja alikuwa amesimama pembeni anasubiri mabadiliko ayahisi kwenye mguu.

Tulirudisha turbo ya zamani. Kihozi kipya, kijiti kikapangwa na nati ikafungwa kwa nati ya pili, skrubu kuu ikarudi kwenye alama yake ya kiwandani, ambayo kwa bahati ilikuwa bado inaonekana. Tukarudi mlimani. Bila trela, gari lilipanda gia ya nne mwanzo hadi mwisho, presha baa 0.65 kwenye mizunguko 1,900, joto likizunguka 640 hadi 670. Na trela, lilidai gia ya tatu kwenye kilomita mbili za mwisho. Mwenye gari alinyamaza kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya fedha alizotumia kwa sababu ya mpira wenye urefu wa shubiri moja.

Nilimwambia tungeweza kuishia hapo. Kama lingekuwa langu, ningeishia hapo na kununua matairi. Lakini hoja yake ilikuwa na uzito: trela ndilo linalomlipa, na kilomita mbili za mwisho ndizo zenye kona na malori. Alitaka gia ya nne hadi juu. Hilo ni lengo linalopimika, tofauti na "nataka nguvu", na lengo linalopimika unaweza kulichagulia turbo.

Tulichochagua hakikumfurahisha mwanzoni kwa sababu kwa macho kilifanana na cha zamani. Hausingi ya ekzosi ilikuwa karibu na ileile ya kiwandani. Feni ya hewa ilikuwa kubwa kwa milimita chache, ya muundo mpya zaidi, na ufanisi wake bora uliangukia katikati ya hizo kilo 5 hadi 9. Na intakula. Kwangu mimi intakula ndiyo iliyokuwa ununuzi mkuu, turbo ikifuata. Hewa yenye nyuzi 27 ukiibana hadi baa 1 juu ya kawaida, kwa kompresa ya ufanisi wa kawaida, inatoka ikiwa na nyuzi 120 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi. Ukiishusha hadi nyuzi 60, hata baada ya kupoteza presha kidogo ndani ya mabomba, unapata asilimia kama 15 zaidi ya hewa kwa uzito, na silinda inaanza kazi ikiwa imepoa. Mtu anayepandisha presha bila intakula anabeba joto zaidi ya hewa.

Ufungaji wenyewe hauna maajabu na sitaueleza bolti kwa bolti. Oili ndiyo inayostahili maneno. Bomba la kuleta oili tulibadilisha lote badala ya kuliosha, kwa sababu masizi ya miaka ndani ya bomba hayatoki yote, na yanayotoka baadaye yanakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Bomba la kurudisha lazima liwe pana na lishuke karibu wima, lisiwe na tumbo wala kupanda popote, kwa kuwa oili inayotoka kwenye turbo imejaa povu na inarudi kwa uzito wake tu, haisukumwi. Kabla ya kuwasha tulijaza oili kwenye tundu la kuingilia, tukazungusha feni kwa kidole, kisha tukakata dizeli na kupiga stata hadi taa ya oili ikazimika.

Na hapo nilikosea. Kwenye flenji ya bomba la kurudisha nilipaka silikoni juu ya gasketi, tabia ya zamani. Nilipokaza, silikoni ikajikunja kwa ndani na kuziba kama theluthi ya tundu. Gari likatoka vizuri, na siku ya pili mwenyewe akapiga simu: moshi wa buluu asubuhi na kila akitoka kwenye foleni. Angesikiliza maneno ya barabarani angeambiwa turbo mpya ni feki. Sili za turbo si za mpira kama watu wanavyodhani. Ni pete ndogo za chuma zinazotegemea oili iondoke haraka. Ikizuiwa kurudi inajaa, na njia iliyobaki ni kuvuja kwenye ekzosi au kwenye hewa. Nilifungua, nikatoa uzi wa silikoni wenye umbo la mwezi mchanga, nikaweka gasketi kavu. Moshi uliendelea siku mbili, oili iliyobaki kwenye sailensa ikiungua, kisha ukaisha. Kazi hiyo sikuilipisha.

Dizeli tuliiongeza mlimani, siyo gereji. Tulianza na kofia, kwa kuwa pini yake yenye umbo la koni imechongwa kwa upande: ukiizungusha, mteremko unabadilika na dizeli inaongezeka kadiri presha inavyopanda. Mzunguko mdogo, kupanda mlima, kusoma geji, kushuka, tena. Skrubu kuu tuliigusa mwishoni, moja ya nane ya mzunguko. Mpaka wangu ulikuwa nyuzi 700 kabla ya turbo kwa mzigo wa kuendelea. Ikipanda hadi 730 kwa sekande chache wakati wa kupita lori, naivumilia. Ikikaa hapo, napunguza. Pistoni ni za aloi ya alumini, ambayo huanza kulegea kabla ya nyuzi 600, na kinachoziokoa ni kwamba moto unawaka kwa muda mfupi tu na oili inazipoza kwa chini. Hapo hapahitaji ushujaa.

Kipimo cha mwisho na trela: gia ya nne hadi kileleni, mizunguko haikushuka chini ya 1,950, presha baa 0.95, joto la juu kabisa 695. Moshi ni kivuli tu mguu unapozama, kisha hakuna. Mjini gari linaamka kwenye mizunguko 1,500, tofauti na turbo ya zamani kwa kiasi ambacho dereva mgeni asingekitambua. Matumizi ya dizeli, kwa kujaza tangi na kugawanya, yalibaki palepale siku za kazi. Siku za trela yalipungua kidogo, nadhani kwa sababu ya kutoshuka gia, ila matangi manne hayatoshi kuapia.

Gharama zilizofichika zilijitokeza baadaye. Klachi ilianza kuteleza wiki ya tatu. Ilikuwa na kilomita nyingi na nguvu mpya ya mizunguko ya chini ndiyo inayoitesa zaidi. Rejeta ilihitaji kuoshwa kwa kuwa sasa inapumua hewa iliyopita kwenye intakula, na kava ya feni ya rejeta iliyokuwa imevunjika tukaibadilisha, vinginevyo foleni ya mchana ingechemsha injini. Muda wa kubadilisha oili tuliupunguza hadi kila kilomita 5,000. Na nilimkumbusha aulize bima yake na ukaguzi wa moshi wa anakosajili gari, kwa sababu sehemu nyingi mabadiliko ya namna hii yanatakiwa kutajwa.

Neno moja kwa wenye pikapu mpya zaidi, za nozeli za umeme na turbo yenye mabawa yanayojigeuza. Mantiki ya kikaratasi cha mizunguko ni ileile, lakini kofia na pini hazipo. Kompyuta ina kiwango cha presha inachokitarajia, na ukifunga turbo nyingine bila kubadilisha programu, itaona namba isiyoielewa na kuipunguzia injini nguvu. Kwenye magari hayo nimeona pia mabawa yaliyoganda kwa masizi yakiitwa turbo iliyokufa.

Miezi sita imepita. Mwenye gari alikuja kubadilisha oili, akaniuliza kama tunaweza kwenda baa 1.4. Nilimwonyesha hedi, bolti zake na gasketi yake, vyote vya miaka mingi, na nikamuuliza ni kipande gani cha mlima sasa kinachomshinda. Hakukipata.

Kwenye gunia nyuma ya kiti sasa imelala ile kubwa. Anaiuza. Mtu wa kwanza kuiulizia alisema ana pikapu ya dizeli ya kwendea kazini, akaulizwa gari lake hutembea kwenye mizunguko mingapi. Akajibu hajawahi kuangalia. Turbo bado iko kwenye gunia.